Herufi Arobaini na Sita za Mama

Bwenini, chumba namba saba
9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nimefika salama, ila miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Nimewekwa chumba kimoja na wasichana wawili. Mmoja aliniamkia kwa adabu, halafu akaniuliza kama nimemleta binti yangu kuanza masomo. Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akashika mdomo.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Mwalimu wetu ametuagiza kila mtu aandike kwa mkono kila siku, lolote, kwa lugha yoyote, vidole vichangamke. Halafu kwenye simu unaongea wewe tu, mimi nabaki kuguna.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi wa saba kiwanda chetu kinapokea mashine mpya za kufuma kutoka Japani, na mafundi wawili wa kwao wa kuzifunga. Maandishi yote kwenye mashine ni ya Kijapani. Meneja ametuleta huku chuoni miezi mitano, mimi na yule kijana mwenye stashahada tunayemwita Msomi, tujifunze kusoma herufi zao, kutamka, na kusikia maneno ya kazi. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakuwa fundi mkuu wa mashine hizo. Mwanangu, miaka ishirini na miwili nazitibu mashine za kiwanda kile kwa kuzisikiliza tu, mpaka wakanibandika jina la Mama Sikio, na sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote. Kwa hiyo sikuja huku kutembea.

Mwalimu ni mama wa Kijapani mwenye nywele nyeupe, mfupi, saa yake anaivaa uso ukitazama upande wa kiganja. Tunamwita Sensei, yaani mwalimu. Asubuhi anaita majina, nasi tunaitika "Hai!", maana yake ndiyo, nipo. Siku ya kwanza nilishindwa kujizuia kucheka. Watu kumi na wanane, mmoja mmoja anatangaza kwamba yu hai. Kwa umri wangu ni taarifa ya kufurahisha.

Na irabu zao ni zetu! Wanazitamka kama sisi, ila wanazipanga a, i, u, e, o. Mdomo wangu ukishamaliza a unakimbilia e wenyewe, kama mtu anayekwenda nyumbani kwake alikozoea. Usiwe na wasiwasi. Mama yako hajashindwa na chuma, atashindwa na karatasi?

Mama yako,
Mama Sikio


Nyumba za walimu
17 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako imenikuta nasahihisha madaftari hamsini na mawili, nikayasukuma pembeni yote. Nimeisoma mara tatu. Nimemsomea na mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili, akasema, "Huyo mama yako ningempa darasa langu wiki moja tu, lingenyooka."

Sasa nieleze vizuri, maana hilo ndilo shamba langu. Ni kweli kwamba hawana k peke yake? Yaani "ka" yote ni mchoro mmoja, na "ki" ni mchoro mwingine kabisa? Kama ni hivyo watoto wangu wa Darasa la Kwanza wangewaonea wivu Wajapani. Kazi yangu yote ya muhula huu ni kumfanya mtoto aone k, aone a, halafu aseme "ka" bila kupitia "kee-aa". Kuna msichana hapa, namwita Kimya, tangu Januari hajafungua kinywa kusoma hata silabi moja. Anaangalia ubao kama mtu anayeangalia treni inayopita.

Ukifundishwa herufi, iandike kwanza hewani kwa kidole, kubwa, bega lizunguke. Halafu mezani. Halafu ndiyo kwenye daftari. Na unapoiandika itamke, sikio lisaidie mkono. Wewe sikio unalo la kugawa.

Je, mmeshafanya mtihani?

Bintiyo,
Mwalimu wa Darasa la Kwanza


Bwenini
3 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba. Ndiyo, "ka" ni mchoro mmoja, か. Mimi hiyo nimeandika vizuri, iangalie. Herufi za kuanzia ni arobaini na sita, halafu wana seti nyingine ya sauti zilezile kwa maneno ya kigeni, halafu wana zile nyingine za maelfu ambazo Sensei amesema tusiziulize kwanza, tutalia.

Kwenye kutamka, mwanangu, tunatamba. Sensei ameshafundisha watu wa mataifa mengi, na anasema hajaona wanaomrahisishia kazi kama sisi, kwa sababu sisi neno letu linaisha kwa irabu na lao linaisha kwa irabu. Ra yao haiko kwenye r wala l, imekaa mlangoni. Tuna dereva mmoja hapa ambaye maisha yake yote amechekwa kwa kusema "kura chakura." Sasa Sensei anamsimamisha mbele kama mfano! "Msikilizeni huyu." Jamaa anatembea kifua mbele, hata kofia siku hizi anaivaa upande.

Kuna siku tulifundishwa wanyama. Tulipofika kwa dubu, Sensei akalitamka jina lake kwa sauti nzuri, akatutaka turudie wote. Darasa kimya. Akadhani hatujasikia, akalirudia kwa nguvu zaidi. Mwanangu, kwetu ni tusi, siwezi kuliandika hapa, wewe ni mwalimu wa watoto wadogo. Dereva alitoka nje kabisa.

Mtihani tulifanya. Sikuwa wa mwisho.

Mama yako


Nyumba za walimu
11 Machi

Shikamoo Mama,

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini mimi nasoma kazi za watu kila siku, na mwanafunzi anayeficha kitu namjua kwa alichokiacha. Barua yako ina kurasa mbili na herufi moja ya Kijapani. Moja tu! Na matokeo ya mtihani umeyaweka mwishoni kabisa, kwa maneno matatu, kama mtu anayepitisha sahani iliyovunjika.

Nani alikuwa wa mwisho, Mama?

Bintiyo


Bwenini
20 Machi

Mwanangu,

Wa mwisho alikuwa kijana mmoja ambaye siku hiyo hakuja.

Nilipata kumi na moja kati ya arobaini na sita. Msomi alipata arobaini na tano, na hiyo moja aliikosa kwa sababu peni ilikwama.

Sensei anatamka sauti, sisi tunaandika. Ninaisikia sauti, naijua, naweza kukuimbia. Lakini ikishuka mkononi inapotea. Nikitaka さ (sa) inatoka ち (chi). Nikitaka き (ki) napoteza mistari. Hizi mbili, め (me) na ぬ (nu), ni mapacha ambao mama yao tu ndiye anayewajua. Nimekaa mbele ya daftari nikiwa na miaka arobaini na tisa, jasho linanitoka, na msichana wa chumbani kwangu, mtoto wa juzi, ananiambia, "Pole mama, utazoea," kwa sauti ile watu wanayoongelea na wagonjwa.

Meneja akipata habari atasema heri angemleta mwingine. Nimeanza kufikiria kurudi. Mashine za zamani bado zipo, zinanijua.

Usimwambie mtu. Nakuomba kama mama yako. Kumi na moja hiyo ni yako na yangu tu.

Mama


Nyumba za walimu
29 Machi

Mama yangu mpenzi,

Hurudi. Nimesema kama mwalimu, halafu nasema kama mwanao: tafadhali usirudi.

Tuanze kazi. ち angalia vizuri, ni tano yetu ya kawaida. さ ni tano iliyogeuka na kukupa mgongo. Hapa darasani nusu ya watoto wanaandika tano kinyume, mimi nawasahihisha kwa wino mwekundu, kumbe wanaandika Kijapani! Kwa hiyo ukisikia "chi", tano. Ukisikia "sa", tano imenuna. Kwa め na ぬ, tafuta mwenyewe kitu cha kiwandani kinachofanana nazo. Usizitazame kama maandishi. Zitazame kama vipuri. Wewe kipuri ukikiona mara moja hukisahau, hata kiwe kidogo kama punje.

Kumi na moja ni nyingi kuliko sifuri uliyoondoka nayo nyumbani. Watoto wangu wote walianzia sifuri na siku hizi wananisomea majina ya maduka njiani mpaka nachoka.

Wamesikia kwamba mama wa Mwalimu naye anajifunza kusoma na kuandika, wakataka kukusalimia. Nimeziweka salamu zao ndani ya bahasha. Nyingine zina alama za vidole, nisamehe.

Bintiyo anayekuamini


Bwenini
6 Aprili

Mwalimu,

Nimepata salamu za watoto. Mmoja ameandika: "Pole mama wa Mwalimu kwa kupata kumi na moja. Mimi nilipata tatu." Mwingine amechora ukuta wa darasa lenu, na kwenye ukuta kuna karatasi, na juu ya karatasi ameandika BARUA YA MAMA, na kando yake kuna さ yangu iliyogeuka, kubwa, na alama nyekundu ya kosa.

Nilikuomba usimwambie mtu. Umewaambia watu hamsini na wawili, na umenibandika ukutani.

Sina zaidi.

Mama yako


Nyumba za walimu
14 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimekosa. Sitafuti pa kujificha. Uliniomba jambo moja nami sikulitimiza. Karatasi nimezibandua siku hiyohiyo barua yako ilipofika, mbele ya watoto, nikawaambia Mwalimu amefanya kosa na ataomba msamaha.

Niruhusu nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu.

Nilianza na barua yako ya kwanza, nikawasomea kile kipande cha "hai". Siku iliyofuata nilipoita majina darasa zima likaitika "Hai!" Nilipopata ile barua ya alama kumi na moja nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikafikiria wale wanaolia wakipata tatu. Sikubandika barua nzima, nilikata pale tu penye herufi na makosa yake. Nikawaambia: huyu ni mama yangu, fundi anayefufua mashine kubwa kuliko darasa hili, na herufi zinamsumbua kama zinavyowasumbua ninyi.

Mama, hakuna aliyecheka. Naapa. Kimya alinyanyuka kwenye dawati, akaenda ukutani, akaifuata ile さ kwa kidole. Halafu akaniuliza, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake, "Mama wa Mwalimu kesho atapata ngapi?" Tangu siku hiyo alikuwa ananiuliza kila asubuhi.

Leo ameuliza tena. Nimemwambia sijui.

Nisamehe, Mama.

Bintiyo


Nyumba za walimu
2 Mei

Mama,

Sijapata jibu. Kwenye simu umesema "nipo salama" ukakata. Sitakusumbua. Nataka tu ujue kwamba naandika kila Jumapili hata kama sitii barua posta.

Bintiyo


Bwenini
10 Mei

Mwanangu,

Kaa chini usome taratibu.

Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa Darasa la Tano. Kusoma kulinipa shida. Hesabu za kichwa nilikuwa naziweza, lakini maandishi yalikuwa yanacheza machoni. Siku moja mwalimu alichukua daftari langu, akaliinua juu watu wote walione, akaanza kusoma makosa yangu moja baada ya jingine, anasimama kila kosa ili wenzangu wapate nafasi ya kucheka. Walicheka mpaka kengele ikalia. Kesho yake nilivaa sare, nikabeba mkoba, nikapita shule bila kuingia. Nilipita kesho yake tena. Sikurudi.

Nilikuambia cheti changu cha Darasa la Saba kilipotea tulipohama nyumba. Hakikupotea. Hakijawahi kuwepo. Kiwandani niliandika la saba kwenye fomu, na nyumbani nikakuambia wewe la saba, na kila ulipokuja na ripoti yako nilikuwa naisoma kwanza usiponiangalia, kabla ya kukusomea kwa sauti, ili usione jinsi midomo yangu inavyotafuta maneno. Kusoma nilijifunza baadaye, peke yangu, kwa maandishi ya kwenye makasha ya vipuri.

Kwa hiyo ulipoinua daftari langu, hukuwa wewe niliyemwona.

Nilifungasha. Nguo zilikuwa kwenye mkoba, mkoba upo mlangoni, ni asubuhi. Msomi akaja akiwa amekunjamana kama shati lililolaliwa. Alikuwa amemwita Sensei "bibi kizee" mbele ya wageni wa chuo. Alitaka kusema "obasan", mama wa makamo, akavuta "a", ikawa "obaasan". Hilo ni kosa lake la kila siku, hasikii tofauti ya fupi na ndefu. Akaniambia, "Mama, mimi nasoma lakini sisikii. Wewe unasikia lakini huandiki. Nifundishe masikio, nikufundishe mkono." Nikamtazama. Nikamwambia anisaidie kurudisha mkoba ndani.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai tunakaa ukumbini. Ninagonga meza, yeye anatamka. Kijapani, mwanangu, hakina kupanda na kushuka kwa kishindo, kinakwenda kwa mapigo sawasawa, sindano kwa sindano, kama mashine iliyotiwa mafuta. Irabu ndefu ni mapigo mawili, basi. Yeye naye ananikalisha na peni. Na vipuri vyangu nimevipata: め ni uzi uliokatwa ukaachwa, ぬ ni uzi uleule umefungwa fundo mwishoni. Sikosei tena.

Tumeanza na ile seti ya pili, ya maneno ya kigeni. Unajua wanavyoyatendea? Kama sisi! Hawataki neno libaki bila irabu mwishoni. Sisi tunasema shati, wao shatsu. Basi, basu. Koti, kooto. Supu, suupu. Mtu wa mbali kiasi hicho, naye kaona lilelile tuliloona sisi. Nilijisikia fahari, sijui hata fahari ya nini, nikatembea uwanjani mara mbili bila sababu.

Jana tulifanya mtihani mwingine. Thelathini na nane.

Salamu za watoto nimezisoma tena, zote hamsini na mbili. Nibandike. Sasa nakuruhusu kwa kinywa changu. Weka kumi na moja, weka na thelathini na nane, na huyo mtoto mwambie.

Nimekusamehe siku nyingi, nilikuwa tu sijui namna ya kuliandika hilo.

はは

(Hiyo inasomwa "haha". Ndivyo mtu anavyomtaja mama yake mzazi kwa Kijapani. Nimekuwa kicheko, lakini nimejiandika mwenyewe.)


Nyumba za walimu
19 Mei

Shikamoo Haha,

Nimelia, nikanawa uso, nikaingia darasani, nikalia tena. Watoto wakadhani umefeli.

Mama, wewe ulikuwa unanisomea ripoti zangu kwa sauti, unasimama katikati, nami nilidhani unasimama ili nijivunie kila neno. Nimekuwa mwalimu kwa sababu ya zile nafasi ulizokuwa unaacha. Sasa ndiyo najua ulikuwa unafanya kazi gani ndani yake.

Kimya nimempa kalamu ya ubao aandike mwenyewe ile 38. Aliandika tatu kinyume. Sikuisahihisha siku hiyo.

Bintiyo, anayejidai mtaa mzima


Bwenini
28 Juni

Mwanangu,

Tumemaliza. Kuandika: arobaini na nne, Msomi arobaini na sita. Kutamka na kusikia: mimi wa kwanza darasa zima, Msomi wa nne, dereva wetu wa pili na kofia yake. Sensei alipiga makofi, halafu akaniinamia. Sikujua la kufanya, nikainama na mimi, tukagongana vichwa.

Sasa ni juu ya meneja. Msomi ana stashahada na maandishi safi. Nimeshajiambia nikikosa nitampongeza kwa moyo mweupe, na kweli nitaweza, maana kijana ni mwema. Lakini sitasema kwamba sitaki. Nataka. Nataka mpaka meno yananiuma.

はは


Nyumbani, karibu na kiwanda
24 Julai

Mwanangu,

Kaa tena chini, hii nayo ni ndefu.

Mafundi wa Kijapani walifika wiki iliyopita, mmoja mrefu, mwingine mwenye miwani. Meneja alikuwa hajatangaza lolote, sote wawili alituweka chini yao. Kazi zilikwenda vizuri. Nilisoma vibandiko vyote vya mashine ya kwanza kwa sauti, mota, swichi, mkanda, na wenzangu wa zamu wakaacha kazi kunisikiliza kama redio.

Juzi saa nne asubuhi tukaiwasha kwa mwendo wa polepole. Msomi alikuwa kwenye kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Mimi nilikuwa upande wa pili, hatua kama kumi, naangalia nyuzi. Fundi mwenye miwani alikuwa nyuma, kifuniko kimetolewa, anachungulia. Mara nikasikia sauti yake, "Kitte! Kitte kudasai!"

Sikiliza nikueleze. "Kite kudasai" ni njoo tafadhali. "Kitte kudasai" ni zima tafadhali. Tofauti yake ni pigo moja la kimya katikati, wanaliandika kwa herufi ndogo. Ni kimya tu, mwanangu, cha muda wa sindano moja kuruka tundu lake. Na mashine ikiruka sindano, unajua mimi husikia.

Msomi alisikia "njoo". Akafanya alichodhani ameitwa kufanya, akaacha kitufe akakimbia nyuma kumsaidia. Kitufe kikabaki peke yake.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kiganja changu juu ya ule wekundu, na mashine ikishusha pumzi na kunyamaza. Tulipozunguka nyuma tukamkuta ameshikwa na rola kwa mkono wa koti, limemezwa hadi kwenye kiwiko. Tulilikata kwa mkasi. Mkono mzima, vidole vitano, mchubuko tu. Alikuwa mweupe kama karatasi. Akanitazama, akasema kwa Kijapani taratibu ili nielewe, "Ulisikia." Nikamjibu, "Hai."

Msomi alikaa kwenye kasha. Nilikaa naye, nikamshika bega. Alipopata nguvu akainuka, akaenda mwenyewe kwa meneja, peke yake, akamweleza kila kitu bila kujipunguzia. Wangapi wangefanya hivyo?

Jana meneja akaniita. Akanipa fomu ya cheo kipya nijaze. Nikafika palipoandikwa Elimu. Nikaandika: Darasa la Tano. Akaichukua, akaitazama, akafungua faili langu.

"Hapa inasema la saba."

"Faili lilidanganywa, bosi. Nililidanganya mimi."

Akaendelea kulitazama faili. Nje nilikuwa nasikia mashine ya zamani namba tatu ikianza kuguna, nikawaza, akinifukuza nitawaambia kwanza waitie mafuta ile. Mwisho akachomoa peni yake, akasahihisha faili kwa mkono wake, la saba likawa la tano, kisha akasaini fomu. Akasema, "Fundi Mkuu, Jumatatu uje mapema, kuna mashine sita zaidi zinashushwa."

Nikamwomba kitu kimoja tu, Msomi awe msaidizi wangu, maana mwandiko wake unasomeka. Akakubali.

Nimetoka pale nikapita katikati ya kiwanda, si pembeni kama nilivyozoea. Katikati kabisa.

はは
Fundi Mkuu


Nyumba za walimu
1 Agosti

Shikamoo Fundi Mkuu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa kama ulivyoagiza. Nimeipeleka darasani, kwa ruhusa yako safari hii, nikawasomea kuanzia "Kitte" mpaka "katikati kabisa". Walikuwa wamekaza ngumi. Nilipofika kwenye vidole vitano vizima walipiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja kuona kuna nini, nikamsomea na yeye tangu mwanzo.

Nafunga shule tarehe nane. Tarehe tisa nitapanda basi la alfajiri, na sitapitia nyumbani. Nitakuja moja kwa moja kiwandani na mizigo yangu, nisimame getini saa ya kutoka kazini, watu wote wakipita.

Miaka yote hii mtaani wanakuita Mama wa Mwalimu. Nimewasikia, na nilikuwa nafurahi. Sasa zamu yangu. Nataka mlinzi anizuie. Nataka aniulize kwa ukali nimekuja kumwona nani na mimi ni nani hasa, nimshushie mizigo yangu miguuni pake na kumjibu polepole, kila mtu asikie, kwamba mimi ni mtoto wa Fundi Mkuu.

Bintiyo